Waya Niliomsifia Mama Mkwe

Bora niwasimulie mwenyewe, maana ukweni Heru Juu wameshaanza.

Ninafundisha fizikia chuoni Kasulu, na utafiti wangu ni jinsi metali inavyorefuka polepole ikibebeshwa uzito kwenye moto. Aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ya titani na aluminiamu, ikijipanga ndani tabaka nyembamba nyembamba, huvumilia sana.

Jumamosi ukweni, figa moja likapasuka maharage yakiwa jikoni. Nikajitosa. Niliitundika sufuria juu ya moto kwa waya wa aluminiamu, huku nikiwahubiria mashemeji, mama mkwe naye akisikia, sifa za waya na habari za tabaka. Kwamba waya wenyewe haukuwa na titani wala tabaka, sikujali.

Baadaye ndimi za moto zikaanza kulamba sufuria.

"Shemeji, umezidisha kuni," nikalalamika.

Akapunguza. Moto ukazidi kuikaribia. Nikamkaripia, akapunguza tena. Mara moshi ukatanda, na maharage yakanuka kuungua.

Mama mkwe, ambaye kwa heshima hasemi nami moja kwa moja, akawageukia binti zake.

"Mwambieni mkwe wangu moto haujapanda. Sufuria yake ndiyo imeshuka, imekalia makaa."