Kadi za Kicheko

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alifanya kazi miaka thelathini na moja katika ofisi ya kutunga kamusi, na ukoo mzima tulimwita Bwana Kadi. Mfuko wa shati lake haukukosa kadi tupu na kalamu. Ukisema neno lenye ladha mbele yake, mkono unaingia mfukoni. Anaandika sentensi yako, wewe ni nani, mahali na tarehe. Sheria ya ofisi yao ilikuwa hiyo: mfano wowote wa kamusi lazima uwe umesikika kinywani mwa mtu. Mfano wa kujitungia, alisema, ni ua la plastiki.

Karibu na kustaafu alikabidhiwa herufi F ya kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, na neno moja likamganda kama ruba: fun. Neno la herufi tatu, hata mtoto wa chekechea analijua, lakini lilimla miezi minne. Aliandika "raha", akafuta, maana raha unaweza kuipata peke yako umelala chali. "Burudani" aliiona ina harufu ya tiketi na viti vya kukodi. "Mchezo" uliwafaa watoto. Akifika kwenye kumcheka mtu, ambako Mwingereza pia hutumia fun, ilibidi ahamie kwenye dhihaka na kejeli. Na anayefanya jambo bila faida yoyote, Mwingereza humpa neno lilelile, sisi tunasema anajifurahisha tu.

"Shemeji," aliniambia, "wenzetu wana neno moja, sisi tuna ghala zima."

Nikamjibu kwamba ghala lake limejaa panya. Hakucheka. Alitoa kadi.

Nilimpenda, lakini alinichosha. Mezani kwao maongezi yakianza kunoga tu, kalamu imetoka, na utamu unakatika. Nani ataendelea na utani wakati unaandikwa kama maelezo ya polisi?

Kisha dada akapata kiharusi, asubuhi, akipanga vyombo kabatini. Upande wa kulia ulilegea na maneno yote yakaondoka. Tulimhamishia kitanda sebuleni ili asikae na upweke. Mtaalamu wa matamshi, mama mmoja mpole, alituambia kwamba miezi mitatu ya kwanza ndiyo yenye matumaini. Baada ya hapo tusitarajie mengi. Yanayowahi kurudi, alisema, mara nyingi ni yale yaliyozoeleka: salamu, nyimbo, utani wa nyumbani.

"Mkumbusheni yaliyokuwa yanamchekesha," alisema.

Shemeji alikwenda moja kwa moja kwenye droo zake. Siku mbili alipekua kadi za raha, za utani, za mzaha, za kicheko. Nilimkuta sebuleni ameketi sakafuni, zimemzunguka. Alikuwa na vicheko vya nusu ya mji: kinyozi, fundi magari, muuza magazeti, mimi. Cha mkewe hakikuwepo hata kimoja. Kadi za dada zilikuwa nyingi, ila chini ya maneno mengine, na alinisomea kwa sauti ndogo. Chakula kinapoa. Umechelewa tena. Nilikungoja mpaka nikalala. Haidhuru.

"Shemeji," aliniuliza, "hivi yeye alikuwa anachekeshwa na nini?"

Binti yao alikuwa kitandani anamlisha mama yake uji. Alijibu bila kugeuka.

"Baba, mama ndiye mchekeshaji wa nyumba hii. Anakuigiza unavyotembea, unavyokohoa kabla ya kumsahihisha mtu. Tunacheka mpaka mbavu zinauma. Ukiingia, ananyamaza."

"Kwa nini?"

"Si ungeandika."

Nilimwonea huruma, na hasira pia. Kuanzia siku hiyo, kila alasiri alipita mbele ya kitanda akijiigiza mwenyewe. Alikohoa, akasukuma miwani, akasahihisha matamshi ya ukuta. Aliigiza vibaya sana. Dada alimtazama tu, wiki baada ya wiki.

Wiki ya kumi na moja tangu kiharusi nilikuwa nakunja mashuka pale pale. Shemeji alikohoa kikohozi chake, akajikwaa kwenye zulia, miwani ikamning'inia puani. Pembe ya kushoto ya mdomo wa dada ikapanda. Tumbo likatikisika. Sauti ikatoka, kicheko kabisa, kisha midomo ikakutana, ikaachana.

"Bwa... Bwana..."

Na mkono wa shemeji ukaingia mfukoni. Naapa hakuutuma. Mazoea yana taabu. Kadi ilikuwa nusu nje dada alipoiona. Alifunga kinywa, na si ugonjwa uliokifunga, dada yangu namjua. Akageuzia uso ukutani.

"Sema tu, mke wangu," shemeji alimwomba, amepiga magoti, kadi ameshaichana. "Siandiki. Siandiki tena."

Siku zilizobaki alivaa fulana zisizo na mfuko. Miezi mitatu ikaisha. Mtaalamu alikuja, akampima, akatupa pole, akaondoka.

Dada yu hai. Anakula, anatuangalia. Shemeji akitoka kwenda dukani, nami na binti tukianza upuuzi wetu, mara mojamoja hutoa kicheko kile, na juzi alisema neno zima. Tukisikia kitasa, ananyamaza. Shemeji huingia, huweka mkate mezani, hutuuliza kama kuna mabadiliko yoyote, nasi humwambia hakuna.