Mume Wangu Hataki Kusema Kama Mie Bado Mkewe

Admin, jina langu lifiche. Humu wapo wa kwetu najua, na wakinitambua basi wanitambue, nimeshachoka kuogopa. Mie ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, mama wa watoto watatu, nipo kijiji cha wavuvi huku pwani ya Tanga. Nakaanga samaki, nauza. Mume wangu, nimwite Baba Zuhura, ni dalali wa mnada wa samaki hapo hapo kijijini. Ninapoandika hivi yuko barazani anacheza na mtoto, na sijui kama ninayemwona ni mume wangu au mwanamume wa watu. Nimejitanda mtandio ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Kwetu samaki wakishuka hunadiwa ufukweni, na wanaonunua mnadani ni wanaume tu. Hakuna sheria iliyoandikwa, ni mazoea: mwanamke akipaza sauti pale huonekana hana haya. Sisi wakaangaji tunakaa kando na mabeseni yetu, tunangoja wanaume wanunue kisha watuuzie kwa bei waitakayo wao. Asiyekuwepo na lake halipo, ndiyo maisha yetu.

Mwaka huu kijiji kikaandaa tamasha la wanawake kwenye uwanja wa shule. Kuvuta kamba, ngoma, kupika, halafu mwanamke mmoja azungumze mbele ya uongozi. Wenzangu wakanichagua mie kwa kuwa mdomo ninao, sikatai. Nikamwambia mume wangu mapema, kwa adabu. Jamani! "Mke wa dalali ashike maiki aseme anataka kununua mnadani? Wenzangu wanicheke?" Nikamjibu, "Baba Zuhura, mbona samaki ninaowakaanga unawala?" Hapo ndipo akatamka: "Wallahi ukikanyaga uwanja ule siku ile, talaka yako!"

Wenye kujua dini mmeshaelewa. Talaka mbili kashanipa huko nyuma kwa hasira zake, na zote akanirejea. Hii ingekuwa ya tatu, na ya tatu haina kurejeana hivi hivi. Mdomo wangu wote ukaisha. Nampenda huyu bwana, nisiwafiche, na ukali wake huo huo. Nikawaambia wenzangu alivyoapa, kwa hiyo mie simo, na siku ilipofika nikabaki ndani nachambua mchele.

Alasiri nasikia vigelegele vinakuja. Kuchungulia, wanawake wameng'oa turubai uwanjani wamelibeba, spika iko juu ya mkokoteni, na mwenyekiti wa kijiji anafuata nyuma anacheka. Bi Tatu, kiongozi wetu, mama mtu mzima, akabisha hodi.

"Shikamoo Bi Tatu," nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Umekatazwa uwanja, hukukatazwa kizingiti chako. Kaa hapo hapo useme."

Nikakaa kizingitini, nikasema yote. Kwamba samaki akiniozea mikononi hasara ni yangu peke yangu, basi na kumnunua niachiwe mwenyewe. Mwenyekiti akatangaza kuanzia wiki ile wanawake waingie mnadani. Nililia kwa furaha, na machozi hayajakauka Baba Zuhura huyo anatokea. Wenzangu, kwa utani tu, wakampigia vigelegele: "Bwana dalali, sherehe tumekuletea mlangoni!" Watu wakaangua kicheko. Nikaona uso unavyomshuka. Akapita katikati yao, akaingia ndani, akaniambia neno moja tu: "Yamekwisha."

Tukaenda kwa shekhe. Akatusikiliza mpaka mwisho, akasema hii ni talaka iliyotundikwa kwenye sharti, na anayelijua sharti lake ni aliyelitamka. Akamgeukia mume wangu. "Ulikusudia uwanja ule tu, au ulikusudia asizungumze popote? Kama ni uwanja, huyu ni mkeo. Kama ni kuzungumza, ameshatoka."

Baba Zuhura akainamisha kichwa. "Nitajibu," akasema, akainuka.

Mpaka leo hajajibu. Analala kwa kaka yake, mchana anakuja kuona watoto. Juzi ndiyo akanitolea lake la moyoni. Jumamosi wanawake wanakutana tena, na anataka nishike maiki niseme nilikosea, na wanawake watoke mnadani. "Ukisema hivyo, nakwenda kwa shekhe nasema nilikusudia uwanja tu. Usiposema, nilikusudia kila mahali." Nikapiga magoti. "Baba Zuhura, nambie ukweli tu, siku ile ulikusudia nini?" Akavaa kofia yake, akasema ukweli nitausikia Jumamosi.

Mama yangu yuko Maramba, kanipigia simu analia. "Mwanangu, yameze hayo maneno uokoe nyumba. Samaki wapo kila siku, baba wa wanao utamtoa wapi?" Bi Tatu yeye hanishauri kitu. Ila nilimwona mnadani, kainua mkono kwa mara ya kwanza katika umri wake wote, na mume wangu ikambidi aipokee bei yake. Alirudi na beseni la vibua anacheka kama mwari. Leo nikamwambie arudi kukaa kando?

Na hata nikikubali, ndugu zangu, kuna hili linaloniua. Nitasema nilikosea, yeye atasema alikusudia uwanja, shekhe ataturuhusu, atarudi chumbani. Mie nitalala naye nikijua jibu lile alinipa kwa kubadilishana. Kama moyoni mwake siku ile alikusudia jingine, basi nitakuwa nazini na baba wa wanangu mpaka nizikwe, na anayejua ni yeye na Mungu wake.

Jumamosi ni keshokutwa. Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Mwenye elimu, mwenye mama, mwenye binti, niambieni: nishike lipi?