Kilo Kumi na Nne za Apolonia

Apolonia aliolewa kwa ng'ombe kumi na tisa. Wazee wa upande wa mume walipomwona kule Tinde waliguna: binti mweusi tii, na kwa Wasukuma, weupe ndio unaopandisha mahari. Shangazi yake akamsimamisha, akamgeuza mbele na nyuma. "Rangi hamuitaki, sawa. Na mwili huu nao hamuuoni?" Wazee wakacheka, wakaongeza ng'ombe wanne. Tangu siku hiyo Apolonia aliuheshimu mwili wake, maana ulimsemea mahali ambapo yeye hakuruhusiwa kusema.

Kwa miaka kumi na mmoja alipakua chakula kwenye kaunta ya wageni, katika kantini ya kambi moja ya mgodi huko Geita. Kisha akaja meneja Mzungu, kitambi kikimtangulia mlangoni, akabandika picha mbili ukutani. Mwanamke mwembamba wa Kizungu: AFYA. Mwanamke mnene mweusi: HATARI. Msimamizi Herman akawapima wapishi wote, akamwambia Apolonia, mama wa Vumilia, ashushe kilo kumi na nne kabla ya Pasaka, la sivyo ataosha masufuria uani.

"Mbona meneja hapandi mzani?"

"Mama Vumilia, usinitafutie balaa. Mzani kauleta yeye."

Hapo mawazo yakaanza kumzunguka. Picha ile ilifanana naye hadi mashavu. Hatari kwa nani? Presha hana, sukari hana, nesi mwenyewe alishasema. Lakini kaunta aliipenda. Aliwajua walaji kwa majina na kwa ugonjwa wa tumbo wa kila mmoja. Basi akajinyima. Michembe ya viazi vitamu aliyoletewa kutoka nyumbani aliigawa yote, akawa mtu wa matango na maji ya limau, tumbo likimlalamikia siku nzima.

Mwezi wa pili alikwenda Tinde. Mama yake, Serafina, alipomwona, ndoo ilimponyoka. "Ng'wana wane, mwanangu, umeshaanza dawa?"

Kwao mtu hakondi bure; akikonda, ni virusi. Apolonia akaeleza habari za mzani na picha. Mama akasikiliza mpaka mwisho. "Yaani wanakuajiri kupika, halafu wanakukataza kula?" Majirani nao wakaja kutoa pole, nyuso zao zikiwa zimekwisha kumzika. Alitaka kucheka, akalia.

Wiki moja kabla ya Pasaka alipanda mzani. Kumi na nne zilikuwa zimekwenda, na nusu ya nyongeza. Herman aliandika bila kuinua macho.

"Kaunta ameshapewa Blessing."

Blessing alikuwa pale, upawa mkononi, mweupe, mnene kama Apolonia wa zamani, aproni imembana kiunoni. Msichana wa watu hakuwa na kosa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akamgeukia Herman. "Huyu mlimpima?"

"Meneja anasema sura yake inawafaa wageni."

Apolonia hakushuka kwenye mzani. Tinde rangi ilimwangusha, mwili ukamwinua. Huku Geita amewapa mwili wote walioutaka, kakubali hata kuliliwa na mama yake kama maiti, na bado kuna kitu kimebaki. Alitazama mkono wake, akatazama namba zilizokuwa zikiwaka miguuni pake, akashindwa kuoanisha.

"Herman, baba," alisema polepole, "hicho msichokitaka, mzani wenu unakionyesha wapi?"

Herman alimpa glavu za kuoshea masufuria.