Niliifungua skuta yangu iliyoibiwa ikapatikana, nikakuta nguo ya mtu kwenye ekseli

Wakuu, habari za humu.

Mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi, mnisamehe nikikosea kupanga aya. Jana niliona uzi wa kijana aliyerudishiwa bodaboda yake baada ya kuibiwa, anauliza aanzie wapi kuitengeneza mwenyewe. Nikaanza kumjibu, jibu likawa refu mno, nikaona nilifungulie uzi wake.

Nitakayosimulia yamenitokea mimi. Mwenye kuamini aamini. Sina cha kumuuzia mtu.

Ilikuwa enzi za vijiji vya Ujamaa. Pare yote ilikuwa bado wilaya moja, makao yake Same. Mimi nilikuwa kijana, bwana mifugo, kazi yangu kuchanja ng'ombe na kusimamia majosho huko tambarare. Nilikuwa na skuta yangu ya kijani niliyoipata kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya.

Siku ya gulio pale Same niliiegesha nje ya duka la nguo, nikaingia kumtafutia mke wangu nepi, kwa sababu tulikuwa na mtoto mchanga. Kutoka, hakuna skuta.

Nikaripoti polisi, nikatangaza kanisani, nikauliza hadi madereva wa malori ya mkonge. Kimya. Mvua za masika zikaja, zikaisha. Nikazoea kutembea kwa miguu na kudandia malori.

Ndipo nikaitwa kituoni. Skuta imeonekana.

Ilikutwa na mgambo upande wa kwenda ziwa Jipe, kwenye korongo linalopita pembeni ya shamba la mkonge. Haikuwa imetupwa. Ilikuwa imesimamishwa kwa stendi yake, imefunikwa matawi, na matawi mengine yalikuwa bado mabichi.

Kamanda wa mgambo wa kijiji cha jirani aliitwa Elisante, mkubwa kwangu kidogo kwa umri, mpole. Ndiye alinisaidia kuipandisha kwenye lori. Nikaona kila anapoishika anajifuta mikono kwenye suruali.

"Kaka," nikamwambia, "mwizi hamkumwona kabisa?"

"Hatukumwona. Chukua chombo chako, bwana mifugo. Ila ukishaitengeneza, usipite nayo kijijini kwetu."

"Kwa nini?"

"Kuna mama pale binti yake aliondoka na mwanaume mwenye skuta ya rangi hii. Akamwachia mtoto wa kunyonya. Watu wanasema wamevuka mpaka, wako Taveta, wanakula maisha. Ukipita utamtonesha."

Nikamwelewa. Habari za namna hiyo zilikuwepo nyingi tu.

Pale Same nikaipeleka kwa fundi Rajabu, mtu wa Tanga, fundi hodari wa pikipiki. Akainama, akajaribu kuzungusha gurudumu la nyuma. Limekaza. Akajaribu tena, halafu akasogeza pua karibu na ekseli. Akasimama.

"Hii ipeleke kwako."

"Imeharibika sana?"

"Haijaharibika. Imeshika kitu. Mikono yangu haikitaki." Akaenda kunawa, hakurudi kuongea na mimi.

Kwa hiyo wakuu, nikawa fundi kwa kulazimishwa. Nilijua kubadilisha plagi na kukaza waya wa klachi, basi. Nikaazima spana, nikaikokota hadi nyuma ya nyumba yangu ya serikali, nikaipandisha juu ya matofali chini ya kivuli cha ukuta. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua safi, majirani wanaanika mtama.

(Kwa kijana mwenye bodaboda: anza na mafuta. Mwaga yote ya zamani. Tangi langu lilitoa maji yenye kutu, na kabureta ilikuwa imejaa tope laini ambalo nyigu walijengea. Safisha kila tundu kwa unyoya wa kuku, usitumie waya, utalipanua.)

Injini yenyewe ilikuwa nzima. Nilimimina mafuta kidogo kupitia tundu la plagi, nikaacha, nikapiga kiki taratibu, pistoni ikaachia. Nikafurahi kama mtoto.

Nikahamia upande wa kushoto, kwenye kile kiboksi cha vifaa kilichoko ubavuni. Komeo lilikuwa limepinda kama lililoanguka kwenye jiwe, polisi walishindwa kulifungua. Nikalibanjua kwa bisibisi.

Spana zangu hazikuwemo. Ilikuwemo chupa moja ya dawa ya maji, zile za zahanati, imezibwa kwa kigunzi cha hindi. Imejaa. Imezungushiwa nyasi ili isigonge.

Nikaiweka kando. Kwa kweli sikufikiria kitu. Nilidhani mwizi alikuwa mgonjwa.

Kisha gurudumu la nyuma. Nikatoa gurudumu, nikavuta pini, nikafungua nati kubwa ya katikati, nikagongagonga ngoma ya breki hadi ikatoka. Nyuma yake, pale ekseli inapoingia kwenye injini, ilikuwepo nguo.

Nguo imejisokota pale ekselini, imekaza kama kamba ya katani. Juu ilikuwa nyeusi kwa grisi na tope. Nikaanza kuisokotoa upande wa pili, polepole, maana niliogopa kuharibu sili inayozuia oili. Kila nilivyozungusha ikawa inatoka safi zaidi.

Wakuu, ile nguo ilikaa porini masika yote. Chombo kizima kilikuwa kinanuka tope na kutu. Lakini nilipofika mzunguko wa ndani, ilitoka kavu, na ikatoa harufu ambayo niliijua. Harufu ya mafuta ya nazi na maziwa. Harufu ya chumbani kwetu.

Mke wangu alikuwa ndani anamlaza mtoto. Mtoto akaanza kulia. Mke wangu akatoka hadi mlangoni, nikaona kifua cha gauni lake kimelowa maziwa. Hakuniangalia mimi. Aliangalia nguo.

"Hiyo ni mbeleko," akasema.

"Umejuaje?"

"Umeitoa wapi?"

Nikamwonyesha. Akaichukua, akaikung'uta. Ilikuwa kitenge kilichofifia, kimechanika upande mmoja, na katikati kina kiraka cha gunia la unga kilichoshonwa kwa mkono. Upande uliochanika ulikuwa na madoa ambayo hayakuwa grisi.

"Huyu alikuwa amekaa nyuma," akasema. "Nguo ikaingia kwenye gurudumu."

Hapo ndipo maneno ya Elisante yakanirudia, na mimi nikakaa chini kwenye vumbi.

Mke wangu akaifua ile nguo siku hiyo hiyo. Akaniambia, "Mwenye nguo hii ana mtoto. Ipeleke."

Jumatatu niliirudishia ngoma, nikaweka plagi mpya, nikasafisha pointi za cheche kwa msasa, nikapiga kiki. Ikawaka. Mlio wake ulikuwa uleule wa zamani. Nikaifunga nguo kwenye karatasi, nikachukua na ile chupa, nikaondoka kuelekea Jipe.

Sasa hapa mtaniambia nilikuwa nimechoka au jua lilikuwa kali. Sawa.

Nilipolipita lile korongo, skuta ikawa nzito nyuma. Anayeendesha chombo anajua uzito wa abiria. Usukani unakuwa mwepesi, mbele panainuka kidogo, kwenye mashimo springi ya nyuma inagonga chini. Nilikuwa peke yangu. Nikasema moyoni ni tairi, imepungua upepo. Sikusimama. Nilikuwa naogopa kusimama pale.

Niliendesha hivyo hadi kijijini, sitazami nyuma.

Kwenye nyumba ya kwanza, ya udongo yenye ua wa minyaa, injini ikazima yenyewe. Nikateremka, nikaweka stendi, nikainama kuangalia tairi. Tairi lilikuwa limejaa. Springi ndiyo ilikuwa imebonyea hadi chini, kama imekaliwa.

Nikiwa nimeinama hivyo, naiangalia kwa macho yangu mawili, springi ikapanda juu taratibu. Kama mtu aliyeteremka kwa adabu asitikise chombo.

Mlango wa ile nyumba ukafunguka. Akatoka mama wa makamo, kabeba mtoto wa kike mgongoni.

Aliiona skuta. Uso wake ukakaza.

"Shikamoo mama."

"Umemleta?" Hakuitikia salamu. "Mwambie asiingie kwangu. Mwambie mtoto amesahau sura yake."

Nikafungua karatasi, nikampa nguo.

Akaishika. Kidole gumba chake kikaenda moja kwa moja kwenye kiraka, kikapita juu ya mshono, kikarudi.

"Hiki nilishona mimi," akasema. "Namkunda yuko wapi?"

Nikamweleza yote, tangu gulio hadi ekseli. Alisikiliza amesimama. Nikampa na ile chupa. Akaigeuza juu chini, akaangalia kigunzi.

"Hiki ni kigunzi changu. Chupa ni ya hapa nyumbani. Ilitoka hapa tupu." Akakaa kizingitini. "Mtoto alikuwa na homa. Namkunda aliniambia anakimbia zahanati ya shamba la mkonge, nimshikie mtoto; akatoka mbeleko ikiwa bado mabegani. Jioni watu wakaniambia wamemwona juu ya skuta na mwanaume. Mimi nikamlaani, baba. Nimemlaani kila siku, kwenye sala."

Akainyanyua chupa kwenye mwanga. Imejaa.

"Alikuwa anarudi," akasema.

Akaanza kulia. Mtoto mgongoni akawa anavuta kona ya ile mbeleko, anaipeleka mdomoni.

Elisante alikuja na watu. Hakuna aliyenilaumu kwa kupita kijijini. Tukaenda korongoni mchana huo huo, na kwa kuwa sasa tulijua tunatafuta nini, hatukuhangaika. Nyuma tu ya pale skuta iliposimamishwa, upande wa juu ambako maji hayafiki, lilikuwepo kaburi. Mawe yamepangwa vizuri, makubwa chini, madogo juu. Pembeni pamefagiliwa kwa tawi. Mistari ya ufagio ilikuwa mipya, na juu yake hakuna unyayo hata mmoja, si wa mtu, si wa mnyama.

Yule aliyeniibia skuta hajajulikana hadi leo. Wengi walidhani ni kibarua wa mkonge kutoka mbali, aliyempa lifti mama mwenye haraka, ajali ikatokea, akamzika kwa mikono yake na kukimbia kwa hofu. Inawezekana ndiye alikuwa anakuja kufagia na kubadilisha matawi. Elisante aliweka watu wa kuvizia pale kwa muda. Hawakuona mtu. Na kila asubuhi palikuwa pamefagiliwa.

Ukoo wa Namkunda ulikuwa wa Ngujini, waliteremshwa tambarare wakati wa vijiji. Wakaomba kibali, wakamhamisha, wakampandisha milimani kwao. Mimi nilikwenda. Pale kaburini mama yake alisimama mbele ya watu wote, akafuta laana kwa sauti, neno kwa neno, akitaja kila alichokuwa amesema. Ilichukua muda mrefu.

Skuta sikuiuza wala kuichoma, ingawa wapo walionishauri hivyo. Niliifanyia kazi miaka mingi, na ule uzito haukurudi tena.

Yule mtoto sasa ni bibi mwenye wajukuu. Nimemwomba ruhusa kabla ya kuandika, akanijibu, "Andika, baba, watu wajue mama yangu hakunikimbia."

Nilichojifunza, wakuu: chombo kikitoka mikononi mwa mwizi kikarudi, usikimbilie kuwasha. Fungua kila kifuniko, toa kila kilichokamatwa, jua kilikwenda wapi na kilimbeba nani. Na la pili, kubwa zaidi: mtu akiondoka hajarudi, usiharakishe kumpa hukumu. Huenda yuko njiani, ameshika kile alichokifuata.

Mwaka uliofuata baada ya kumhamisha Namkunda, nilipita korongoni kwenda kuchanja. Nikaegesha, nikapanda kuangalia. Shimo lilikuwa limefukiwa, mawe yameondolewa, hakuna tena cha kutunza pale.

Palikuwa pamefagiliwa.

Wenye maelezo ya kitaalamu, ya kidini au ya kimila, uwanja ni wenu. Na kama kuna mtu humu babu yake aliwahi kufanya kazi kwenye mkonge upande ule, akawa hataki kabisa kusikia mlio wa skuta, naomba aje PM. Sina ubaya naye.