Debe la Mtu wa Juu

Alipofika barazani petu na cherehani yake juu ya mkokoteni, hakuna aliyemwuliza jina. Tuliulizana tu katokea wapi, na tuliposikia ni kule juu, milimani kwenye baridi, jina likawa limeshapatikana. Tukamwita Wa Juu.

Mimi nimetembea sana, na kila nilikofika nimekuta watu wana watu wao wa kuwacheka. Huku bondeni huchekwa watu wa juu. Na huko juu, najua kwa kuwa nimefika, huchekwa watu wa bondeni, ati tumezaliwa tumelala. Kwa hiyo Wa Juu alizikuta sifa zake zinamngoja mlangoni kama viatu vya mtu. Watu wa juu ni wabahili, wakikukaribisha chai ujue sukari imeisha. Watu wa juu huweka kinyongo mpaka kikazaa wajukuu. Lililobaki lilisemwa kwa sauti ya chini: wana dawa.

Baraza lilikuwa la mama mjane tuliyemwita Mama Baraza, mwenye ile nyumba ndefu ya vyumba vya kupanga. Mafundi walikaa safu mbele ya nyumba, na kando yao lilikuwapo benchi la sisi wazee tusio na pa kuharakia. Mkubwa wa mafundi alikuwa Fundi Mnene, mcheshi, na mtu mwema kwa kweli. Siku ile alimsaidia Wa Juu kushusha cherehani, kisha akajipapasa mifuko mbele ya watu wote, kuona kama kuna kilichopungua. Tukacheka. Wa Juu naye akacheka, kwa kuchelewa kidogo.

Mkewe alikuwa mjamzito, tumbo limeshamtangulia. Walikuwa wamepita mitaa mingine kabla ya huu, na kila walipofungua kinywa wakasikika walikotoka, chumba kilichokuwa wazi kikawa kimejaa. Nafasi ile kwa Mama Baraza, kiti cha kushonea mbele na chumba nyuma, ndiyo waliyokuwa nayo duniani.

Kazi aliijua. Ila alikuja na desturi ya mafundi wa kwao. Kule, fundi akishakata nguo hatupi mabaki. Huyakunja, huyafunga kwa uzi ulioshona nguo yenyewe na kuyaweka, ili siku nguo ikichanika mteja apate kiraka cha kitambaa chake mwenyewe. Tena hasemi. Kumwambia mtu nimekuwekea kiraka ni kama kuiombea nguo yake mpya ichanike. Haya aliniambia baadaye, wakati hayakuwa na faida tena. Basi chini ya meza yake palikuwa na debe, na ndani ya debe vifurushi vidogo vya mtaa mzima.

Jirani yetu muuza mkaa alimshoneshea bintiye gauni kwa Wa Juu. Msichana akalivaa siku nzima, akaamka na vipele mwili mzima. Kitambaa kilikuwa kipya, hakijafuliwa, na jua la siku zile lilikuwa la kuchoma. Ndivyo ambavyo ningesema, lakini hakuna aliyeniuliza. Mama yake alikuja barazani bila ugomvi. Alitaka tu kipande kilichobaki akakionyeshe dukani aliponunua.

Wa Juu akainama, akavuta debe, akachagua, na kwa uungwana wake wote akamnyooshea kifurushi kimefungwa mafundo.

Yule mama hakukipokea. Alikuwa analitazama debe.

"Na hivi vingine?"

"Vya watu," Wa Juu akamjibu. "Kila mtu ana chake humu."

Angetafuta mwaka mzima asingepata maneno mabaya kuliko hayo.

Jua halijafika utosini, mtaa ulikuwa umejaa barazani. Huyu kaliona pazia lake, yule kalitambua shati la marehemu mumewe, akalishika mdomo wazi. Wa Juu alieleza habari ya viraka, akaeleza tena, lakini alieleza haraka haraka huku jasho linamtoka, na maelezo yakija nyuma ya tukio hunuka uongo hata yakiwa kweli. Fundi Mnene akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema lisemwalo lipo.

Mama Baraza alipotoka ndani alizungumza kwa upole, na kila neno alilitangulizia "baba". Hakumshuku mtu, alisema. Lakini wateja walikuwa wanakimbia hata kwa mafundi wengine. Ama alichome debe lile mbele ya watu, ama atafute baraza jingine.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Usichome. Ukichoma umekiri," akamwambia.

"Nisipochoma utazalia wapi?"

Akachoma. Vitambaa vile viliwaka kwa moshi mweusi uliotutoa machozi sote, hata wale waliokuja kufurahi. Baada ya siku chache vipele vya msichana vikaondoka, kama vipele viondokavyo, na watu wakatazamana. Si mmeona? Debe limechomwa, mtoto kapona.

Ajabu ni kwamba wateja walirudi. Wasemao mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hawasemi kwamba wengine tukishampa jembe tunasimama nyuma yake kuona analima shamba la nani. Sasa tulikuwa tumeona, tukatulia. Mtoto akazaliwa salama. Wa Juu alianza kutupa mabaki njiani, hadharani, kila mtu aone. Kisha akaanza kuwacheka watu wa juu yeye mwenyewe, na alituzidi, kwa kuwa sisi tulibahatisha na yeye aliwajua. Fundi Mnene alikuwa akicheka mpaka anashika meza. Mama Baraza akawa anasema, huyu wetu si kama wale wa kwao, na Wa Juu alilipokea kama sifa, maana lilitolewa kama sifa.

Asubuhi moja akaja mwanamke ana mtoto mgongoni na mzigo kichwani, anauliza chumba. Kimoja kilikuwa wazi kule nyuma. Kwa matamshi yake tu tulijua katokea juu. Mama Baraza akamgeukia Wa Juu.

"Baba, hawa ndugu zako wewe ndiye unayewajua. Nimpe nisimpe?"

Cherehani zote zikanyamaza. Yule mwanamke akamtazama Wa Juu, na uso wake ukafunguka, kama mtu aliyeona taa ya kwao. Nami niliona Wa Juu anapiga hesabu zake. Akimdhamini, ikipotea ndoo uani kesho, ataulizwa yeye.

"Mama, watu wa juu si unawajua," akasema na kutabasamu. "Ukimpa chumba, sufuria zako lala nazo kitandani."

Baraza lote likaangua kicheko. Yule mwanamke akauweka mzigo wake sawa, akamshukuru Mama Baraza, akamshukuru na Wa Juu pia, akaenda zake. Mke wa Wa Juu alikuwa bombani anateka maji. Aliiacha ndoo pale pale, akamkaza mtoto wake mgongoni, akamfuata.

Fundi Mnene akampiga Wa Juu begani. "Sasa wewe mtu wetu."

Nilimsogelea, nikamwuliza polepole kama anamjua yule. Akasema hapana, hamjui, ila kwa jinsi alivyozungumza angeweza kunionyesha mlima aliozaliwa. Kisha akanong'ona, "Mzee, ningesema nini?" Maji yalikuwa yameshafurika uani. Akainuka, akafunga bomba, akaiingiza ndoo ndani, akarudi kushona.

Mkewe alirudi jua limeinama, miguu ina vumbi mpaka magotini. Mama Baraza akamwuliza alikokuwa siku nzima na mtoto mchanga.

"Nilikuwa namtafutia mwenzangu chumba, mama."

"Kapata?"

"Hajapata," akasema, akapita katikati ya cherehani kuingia ndani. Wa Juu hakuinua kichwa.