Diski Safi ya Mzee Fabiano

Mzee Fabiano alikuwa stesheni masta mpaka reli ilipopunguza watu, naye akawa mmoja wao. Wenzake walinunua ng'ombe au mashine za kusaga. Yeye alinunua kompyuta iliyokwishatumika, nzito kama sanduku la mwanafunzi wa bweni, akaiweka sebuleni kwake Itigi na kuifunika kitambaa alichofuma marehemu mke wake, Selina. Umeme aliuvuta kutoka kwenye jenereta ya baa ya jirani, iliyowashwa jua likizama na kuzimwa wateja wakipungua.

Kompyuta hiyo aliitunza kama alivyoitunza stesheni. Reli ya huko ni ya njia moja, na treni mbili zikikutana, moja hujibanza kwenye njia ya pembeni mpaka nyingine ipite. Kwa Fabiano, behewa lililolala pembeni bila sababu lilikuwa aibu. Kwa hiyo siku alipogundua ndani ya diski faili kubwa kuliko zote, isiyo na mwenyewe, leo imenenepa, kesho imekonda, hakutulia. Alichokonoa mipangilio mpaka akaelewa kwamba hiyo ni nafasi ambayo kompyuta, memori yake inapojaa, huiazima kwenye diski. Akaiondoa kwa kuandika sifuri mahali pa ukubwa wake. Kompyuta ikamwonya, ikamuuliza kama ana hakika, naye akabofya ndiyo. Kwa muda mrefu hakuona tofauti, maana kazi yake ilikuwa kuandika barua na kucheza karata.

Ndipo Magdalena akaja kutoka Mitundu. Alikuwa mdogo wake Selina, na hakuwa na picha hata moja ya dada yake. Ile iliyokuwa ukutani kwa Fabiano ililowa paa lilipovuja, ikabaki doa la kahawia. Bahati nzuri Eliya, mtoto wa Selina aliyeko Dar es Salaam, alikuwa ameinakili kwenye kompyuta yake huko kabla haijalowa, na sasa alikuwa ameituma kwenye sidii kwa mtu wa treni. Magdalena alikuja kuiona hiyo. Asubuhi alipaswa kurudi, kwa sababu ndege walikuwa wanamaliza alizeti yake shambani.

Jenereta ilipoanza kunguruma, wakakaa mbele ya kioo. Fabiano akaweka sidii, akabofya. Kompyuta ikakoroma, ikasimama, ikaandika kwamba memori haitoshi. Akafunga kila kilichokuwa wazi, akajaribu tena, jibu likawa lile lile. Akamweleza shemeji yake kwamba Eliya amenakili picha kubwa mno, itabidi atume nyingine ndogo, labda mwezi ujao.

Magdalena akamgeukia.

"Shemeji," akasema, "dada yangu ulimtolea ng'ombe ukamchukua. Leo kumtazama tu unaniambia ni mkubwa mno?"

Fabiano akacheka bila raha. Akajitetea kwamba hakuna kompyuta safi kama ile Itigi nzima, akasimulia na ile faili aliyoiondoa, kwamba ilikuwa kama mabehewa yaliyoachwa kwenye njia ya pembeni.

"Sasa treni ndefu ikija, inajibanza wapi?"

"Haina pa kujibanza."

"Basi hukufagia, shemeji. Uling'oa reli. Halafu unamlaumu Eliya."

Fabiano akarudi kwenye mipangilio, akafuta sifuri aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, akaiachia kompyuta ijipangie nafasi inayoitaka. Ikataka kuzimwa na kuwashwa upya. Wakangoja. Upande wa pili wa ukuta, muziki wa baa ulikuwa umepunguzwa, na viti vilikuwa vinaburutwa. Fabiano hakumwambia shemeji yake hilo lina maana gani.

Alipobofya safari hii, diski ilisaga kama inatafuna kokoto. Kisha picha ikaanza kushuka taratibu kutoka juu: ukuta wa studio, kilemba, paji la uso, macho. Ikafuata midomo, na ule mwanya wa mbele. Magdalena akasogeza kiti. Picha ikaendelea kushuka hadi kiunoni.

"Kitenge hicho ni changu," akasema. "Aliniapia hajakiona."

Akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya khanga, akamwomba shemeji yake asibofye kitu kingine chochote. Fabiano akaondoa mkono wake mezani. Wakakaa wanamtazama mpaka baa ilipozima jenereta.