Jumatano za Bernadine Hruska

Mwanangu Delbert aliuza vitabu vya katuni katika nyumba ambayo zamani ilikuwa ya waandaa maiti, hapa Youngstown, na mimi nilikaa karibu na hita nikifuma soksi na kuangalia nani anaingiza mkono wapi. Kusoma sijui. Lakini katuni haitaki shule. Uso wa mtu aliyepigwa ni uso wa mtu aliyepigwa, uandike usiandike. Pale maneno yalipohitajika niliyatunga mwenyewe, na Delbert alisema yangu ni bora kuliko yaliyoandikwa. Kama hakusema, alifikiri.

Bernadine Hruska aliingia kwetu mara ya kwanza ule mwezi aliozikwa mumewe, Emil. Baridi ya mwaka ule ilikuwa kali hata kivuli changu kilikataa kutoka nje. Nilitembea bila kivuli mpaka Machi, na anayebisha aende akakiulize. Bernadine alikuwa na aproni ya jikoni chini ya koti, maana alipikia watoto wa shule, na alinuka jibini na sosi ya nyanya. Mkononi alishika kitabu cha katuni kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa panya aliyekufa.

"Nataka kinachofuata," alimwambia Delbert.

"Kinachofuata cha nini, mama?"

"Cha huyu mwanamke mwenye koti."

Kitabu kile kilikuwa kimetoka kwa bintiye. Paulette ndiye mtoto wake pekee, na alihama nyumbani siku ile ile aliyomaliza shule, akaenda Tacoma, kwenye bahari ya upande wa pili, ambako nchi inaishia. Baba yake alipokufa hakuja kuzika. Hakutuma maua wala salamu. Alituma katuni kwa posta, bila neno hata moja.

Kwenye jalada alikuwapo Korongo. Huyo alikuwa shujaa wa kike, mwenye mabawa na koti refu la kijivu, na alikuwa anatoka kwa dirisha la mnara wa Mwamba bila kugeuka nyuma. Mwamba ndiye mwanamume mwenye nguvu kuliko wote duniani, na alikuwa mpenzi wake. Alimkataza kutoka bila ruhusa. Korongo akavaa koti lake, akatoka.

Mtaani kwetu hakuna aliyehitaji kueleweshwa. Emil alikuwa fundi wa tanuru, na mkono wake ulikuwa mwepesi nyumbani kuliko kazini. Kiwanda cha chuma kilipofungwa, ukawa mwepesi zaidi. Ijumaa Bernadine alikuwa akikunja pirogi, vile vipochi vya unga vyenye viazi ndani, kanisani pamoja nasi, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, na sisi tukazungumzia unga.

Basi alinunua kitabu kilichofuata, akakisoma akiwa amesimama pale pale dukani. Jioni akapiga simu Tacoma. Mama na binti ambao walikuwa hawajazungumza tangu binti aote magego ya mwisho, wakazungumza.

"Umesoma?"

"Nimesoma."

"Unaonaje, Mama?"

"Koti ni zuri."

Ndivyo walivyoanza. Vitabu vipya huja Jumatano. Jumatano asubuhi Bernadine alikuwa mlangoni kabla Delbert hajafungua, na jioni, Paulette akishatoka kazini na kusoma chake, simu ililia. Walijadili kama Korongo alifanya vizuri kuondoka bila kuaga. Walijadili atalala wapi, atakula nini, na Mwamba akimfuata afanyeje. Emil hakutajwa. Walikuwa wanamzunguka kama watu wanavyozunguka shimo barabarani, na aliyewaongoza kulizunguka alikuwa Korongo.

Mteja wa kudumu kwetu ana kisanduku chini ya kaunta, jina lake limeandikwa mbele, na Delbert humwekea humo vitabu anavyovifuata. Bernadine alipopewa chake alikisifia kuliko kaburi alilojinunulia kando ya Emil. "Humu angalau nalala peke yangu," aliniambia, na nilicheka hadi nikapoteza mshono.

Wabishi wakubwa wa duka walikuwa wawili. Lyle alikuwa mpeleka barua, mwenye sauti inayoweza kubandua rangi ya gari. Kila kitabu alinunua nakala mbili: moja ya kusoma, nyingine ya kufunga kwenye plastiki isiguswe milele, kama mtu aliyeoa wake wawili na mmoja kamfungia kabatini. Noreen alikuwa muuguzi, na mdomo wake ulikata nywele hewani.

Kisha wachapishaji wakaleta mchoraji mpya. Koti likatoweka. Noreen akafungua kitabu juu ya kaunta.

"Hebu nieleze, Lyle, wewe bingwa wa mambo haya. Mgongo huu umevunjikia wapi? Matiti yanatazama Pittsburgh, makalio yanatazama Cleveland, na uso unatutazama sisi."

"Hiyo ni sanaa, Noreen."

"Sanaa! Huyu akiletwa wodini kwangu namfunga ubao."

"Mbona Mwamba yuko kifua wazi na hulalamiki? Au kile unakipenda?"

"Wewe naye! Mwamba akiwa kifua wazi anaonekana anaweza kupiga mtu. Huyu anaonekana anangoja kupigwa."

Bernadine alikuwa anamenya chungwa. Akaliweka chini.

"Na tena wamemrudisha," alisema. "Yuko mnarani. Angalieni nyuma ya hayo makalio, ni dirisha lile lile, sasa yuko ndani."

"Amerudi kwa mapenzi, Bi Bernadine," Lyle alisema, na sauti yake ilipungua. "Mwamba ameomba radhi. Ukurasa mzima."

"Huwa wanaomba," Bernadine alisema. "Tena wanaomba vizuri."

Halafu akamgeukia mwanangu. "Delbert, mtoe huyu kwenye kisanduku changu. Simtaki hivi."

Delbert akakuna kichwa. Alimweleza, nami nilikuwapo, kwamba yeye huagiza vitabu miezi kabla havijachapwa, na wachapishaji huhesabu maagizo tu. "Mama, huku ukikasirika, kule hawaoni hasira. Wanaona mtu mmoja kapungua. Watasema watu hawataki shujaa wa kike."

"Basi waone nimepungua," Bernadine alisema. "Maisha yangu yote sijawahi kupungua mahali."

Noreen naye akaondoa jina lake kwenye orodha ya Korongo. Jioni Paulette alipiga simu, akasikia.

"Umekataa, Mama? Wewe?"

"Nimekataa."

Akalia yule binti. Kesho yake aliondoa jina lake Tacoma, akawaambia wenzake, na wenzake wakawaambia wa miji mingine, na duka kwa duka wanawake wakamkana Korongo aliyevuliwa koti. Nasikia hata mke wa gavana aliondoa jina lake, ingawa hilo nimelisikia kutoka kwangu mwenyewe. Kwetu alibaki Lyle peke yake, na nakala zake mbili.

Jumatano zilizofuata zilikuwa bora kuliko zote. Kitabu hawakuwa nacho, lakini simu zilirefuka. Bernadine aliacha kutembea kwa kunyata. Nilimsikia akipiga mluzi kwenye theluji. Siku moja alinishika mkono hadi soksi ikaanguka.

"Anakuja Pasaka," alisema. "Amesema nioke mikate ya njugu. Anakuja nyumbani."

Lakini wakati wa Kwaresima Delbert alipokea habari. Kitabu cha Korongo kinafungwa. Wachapishaji wametangaza kwamba wasomaji hawakupenda mwanamke awe na kitabu chake, na namba ndizo zimesema. Mwanangu aliisoma kwa sauti mara moja, kisha akaenda nyuma kupanga maboksi yaliyokuwa tayari yamepangwa.

Toleo la mwisho likafika. Hakuna aliyekuwa ameliagiza isipokuwa Lyle. Alisimama pale kaunta, akamtazama Bernadine, halafu akafanya jambo ambalo sijawahi kuona mtu wa aina yake akilifanya: akachukua ile nakala ya pili, iliyokwisha kufungwa, akapasua plastiki kwa meno, akampa.

"Soma, Bi Bernadine. Hii ni yako."

Tukainama wote. Adui wa Mwamba anamkamata Korongo mnarani, anamtupa. Anaanguka kwa picha tatu ndogo, ndogo kama stempu, mabawa yamekunjwa. Baada ya hapo Mwamba anapiga magoti mvuani na kulia, kurasa mbili nzima, kila tone la mvua limechorwa kwa utulivu.

"Ana mabawa," Noreen alisema. "Mpumbavu gani amesahau kwamba ana mabawa?"

"Lazima afe ili Mwamba akasirike," Lyle alisema polepole, kama mtu anayesikia maneno yake kwa mara ya kwanza. "Ndivyo inavyokuwa."

"Ndivyo inavyokuwa kila mara, Lyle. Hujawahi kuona?"

Bernadine alikuwa ameshakifunga kitabu, akakiweka ndani ya koti lake, upande wa moyo, ili huko nje Korongo asinyeshewe.

Yaliyosemwa kwenye simu jioni ile alinisimulia kesho yake, tukimenya viazi kanisani. Paulette naye alikuwa ameliona toleo lile. Alikuwa na hasira, na hasira ilikuwa haina pa kukaa.

"Kwa nini hakuruka, Mama?"

"Sijui, mwanangu. Ni hao waandishi."

"Alikuwa na mabawa. Dirisha lilikuwa wazi. Mtu mwenye mabawa anakubalije kuanguka?"

"Ni waandishi tu, Paulette."

Muda wote huo Bernadine alikuwa na Korongo wa kumtanguliza mbele kila swali lilipokaribia. Jioni ile hakuwa na wa kumtanguliza.

"Na wewe?" Paulette aliuliza. "Wewe kwa nini hukuruka?"

Bernadine alisema akili yake ilikuwa tupu kama sahani. Akashika neno la kwanza lililopita.

"Baba yako alikuwa na siku zake nzuri."

Simu ikakatwa.

"Hakuibamiza," Bernadine aliniambia, akikata kiazi vipande ambavyo havikutakiwa. "Aliiweka chini taratibu. Afadhali angebamiza."

Jumatano iliyofuata simu haikulia. Bernadine alipiga mwenyewe, ikalia kule Tacoma hadi akachoka kuisikiliza. Hata hivyo alioka. Alisaga njugu, akakunja mikate, akafua mapazia ya chumba cha binti. Pasaka ilifika, ikapita, na mapazia yakabaki safi.

Jumatano baada ya Pasaka aliileta ile mikate dukani. Tulikula tukiwa tumesimama. Noreen na Lyle, ili pasiwe kimya, wakaanza tena.

"Mimi bado nasema ni uvivu wa mwandishi," Noreen alisema. "Mwanamke yule alishatoka mnarani mara moja. Njia anaijua."

"Labda alichoka," Lyle alisema.

"Korongo achoke? Aliyebeba daraja zima?"

"Alikuwa amebeba mtoto," Bernadine alisema.

Wote tukamtazama.

"Korongo hana mtoto, Bi Bernadine," Lyle alisema kwa upole.

"Alitoka mara moja kweli," Bernadine aliendelea, akitazama mkate wake. "Alifika mpaka kituo cha basi. Theluji, sanduku moja, na mtoto mdogo ambaye bado hajui kusema maneno yote. Tiketi alikuwa nayo mkononi. Mtoto akaanza kulia. Akalia, 'Baba. Nataka baba.' Kituo kizima kikageuka. Akalia mpaka akabadilika rangi. Na basi likaja, na lile basi likaondoka, na mama mtu akarudi nyumbani kwa miguu, maana mtoto alimtaka baba yake."

Noreen akatoa kitambaa. Lyle akajifanya anatafuta kitu chini ya kaunta.

Nilimfuata Bernadine hadi nje. Nimesema uongo mwingi maishani, lakini pale sikuwa na hata mmoja wa kunisaidia.

"Mwambie hivyo," nilimwambia. "Jibu unalo, Bernadine. Mpigie leo umwambie."

"Nimwambie nini, Bibi? Kwamba ni yeye aliyelia?"

"Alikuwa mtoto."

"Ndiyo. Na akilisikia hilo sasa atalibeba mpaka afe." Akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, hadi shingoni. "Afadhali aamini kwamba mama yake alikuwa mjinga. Hilo ni jepesi, anaweza kwenda nalo."

Nilitaka kubisha, na mimi si mtu wa kushindwa kubisha. Lakini alikuwa ameshaanza kuteremka mtaa, akiwahi nyumbani, kwa sababu ilikuwa Jumatano, na huenda simu ingelia.